Kivuli cha Kushoto

Nyumbani, 6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Najua utacheka kuona bahasha wakati ungeweza kupigiwa simu, lakini unanijua. Kwenye simu maneno yangu hutawanyika kama vifaranga walioona mwewe, nabaki nikisema "ndiyo, ndiyo" mpaka salio linakwisha. Kwenye karatasi hayana pa kukimbilia. Isitoshe, Bibi anasema ukiwa juu ya kreni simu huzimwa, na ukishuka umechoka husikii la mtu. Basi nisome ukiwa umelala chali.

Sote wazima. Mama yuko zamu hospitali wiki hii, tunapishana mlangoni. Bibi anashona pazia jipya la chumba chako, sijui kwa nini, maana hakuna anayelala humo isipokuwa vitabu vyangu.

Sasa habari yenyewe. Unakumbuka kiwanja cha kiwanda cha barafu, hapa ng'ambo ya barabara? Halmashauri imebandika tangazo kwenye uzio wa mabati. Nimelisoma lote, hata maandishi madogo ya chini ambayo nadhani huandikwa kwa ajili ya watu kama mimi. Ofisi ya mipango miji inapendekeza kiwanja kibadilishwe matumizi kiwe eneo la wazi, yaani bustani ya umma ambayo hakuna atakayeweza kuiuza. Papo hapo kampuni moja imeleta ombi lake: inataka kujenga jengo la maduka na ofisi, refu kuliko kitu chochote mjini. Madiwani watasikiliza maoni ya wananchi mwezi ujao, halafu watapiga kura.

Mjomba, mimi nakipenda kile kiwanja. Kuna bati moja lililolegea, watu hupenya hapo. Mchana wauguzi huja kula mkate wao, fundi viatu huja kunyoosha mgongo, na mimi hukaa ubavuni mwa lile tangi kuukuu la chuma, ambalo watoto wanaliita Nyangumi, nikasoma. Katikati ya mji huu ni hapo tu mtu anaweza kukaa bila kuulizwa anunue nini.

Klabu yetu ya vitabu imeamua kwenda kwenye mkutano. Walipouliza nani atasema, rafiki yangu Filimbi (jina lake linajieleza) akainua mkono. Si wake, wangu! Aliushika kwenye kiwiko akaupandisha. Sasa nimeandikwa.

Angalau nisiende na maneno matupu. Nataka kujua: jengo lile likisimama, kivuli chake cha alasiri kitaangukia wapi? Jua hushuka nyuma ya stesheni, kwa hiyo kivuli kitavuka barabara, hilo naliona. Lakini kitainamia kushoto au kulia? Mawingu hayajatuacha wiki hizi, hakuna kivuli cha kupima. Wewe umekulia hapa, na unafanya kazi na vivuli. Niambie.

Mpwa wako,
Kimya


Kambini, 15 Machi

Kimya mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Nilikusoma nikiwa chali kama ulivyoagiza. Wenzangu wakauliza, "Umeandikiwa na mchumba?" Nikawajibu, "Na wakili." Wakanyamaza kwa heshima.

Unaogopa kusema mbele za watu. Sikiliza jinsi mjomba wako anavyokula mkate wake. Asubuhi napanda ngazi na chupa yangu ya chai, naingia kwenye kijumba cha vioo kisichozidi kabati la Bibi, na kutoka hapo sisikii neno la mtu wa chini. Chini kuna mpiga ishara. Anasimama akinitazama, mimi namtazama, na mazungumzo yetu yote ni mikono yake. Kidole juu, napandisha. Kiganja chini, nashusha. Akinyoosha mkono pembeni, napeleka mzigo upande huo. Tumefanya kazi pamoja muda mrefu, lakini sauti yake siijui vizuri. Nikikutana naye kwenye foleni ya chakula tunaoneana haya.

Ila kuna ishara moja ambayo si yake peke yake. Mikono yote miwili ikinyooshwa pembeni, kama mtu anayeziba mlango, maana yake ni simama. Hiyo inaweza kutolewa na yeyote, hata mama anayetuletea chai, na mimi sharti nisimame kwanza ndipo niulize. Kwa hiyo usidhani wasiopiga kelele hawana kazi duniani.

Nije kwenye swali lako. Kivuli ni rafiki yangu. Mzigo ukiwa hewani, kivuli chake ndicho huniambia ardhi iko karibu au mbali. Vikianza kusogeleana, nami napunguza mwendo. Nimekaa na swali lako huko juu nikikumbuka mitaa yetu. Ukisimama kwenye geti la kiwanda ukitazama barabara, kivuli cha alasiri kitavuka na kulalia kushoto, karibu mwaka mzima. Na usidhani ni kivuli cha kupumzikia. Jengo la namna ile huleta magharibi kabla ya saa yake.

Nilikuwa na jambo jingine la kukuambia, lakini bado bichi. Likiiva nitakuandikia. Mwambie Bibi asimalize kitambaa chote kwenye pazia.

Mjomba wako wa juu


Nyumbani, 27 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hutaamini. Siamini mwenyewe, na mimi nilikuwepo.

Tumekichora! Urefu wa jengo umeandikwa kwenye tangazo, mwalimu wa hesabu akatusaidia kupata urefu wa kivuli, na mwalimu wa michezo akatupa chokaa anayochorea uwanja. Jumamosi mvua ilipotulia tukaanzia kwenye geti la kiwanda, tukavuka barabara (Filimbi alisimamisha magari kwa sauti tu), tukainama kushoto kama ulivyosema. Na unajua mstari umefika wapi? Umepanda ngazi za ofisi ya halmashauri!

Mlinzi akatoka. "Nyie watoto, mnachora uwanja wa mpira kwenye ngazi za serikali?"

"Si uwanja, mzee," Filimbi akasema. "Ni kivuli."

"Kivuli cha nani?"

"Cha jengo litakalojengwa pale."

Mlinzi akatazama mawingu, akatazama chokaa, akatazama kiti chake. Kiti kilikuwa ndani ya mstari. "Yaani mimi nitakaa gizani?"

"Kuanzia alasiri."

"Basi chora vizuri hapo pembeni, mmepapindisha," akasema, akatusogezea kiti tupite.

Jumatatu mwenyekiti wa halmashauri alishuka kwenye gari akasimama mbele ya mstari kama mtu aliyefika kwenye mto. Aliuliza kivuli kinafika wapi. Mlinzi ndiye aliyemjibu, kwa fahari kama vile alikichora yeye: "Mpaka dirishani kwako, mheshimiwa." Tangu hapo mji mzima unazungumzia kivuli. Watu wanasimama ndani yake wakijifanya wanatetemeka kwa baridi. Fundi viatu ametuambia madiwani wawili waliokuwa wakilisifu jengo sasa wanasema bustani ni afya.

Bibi peke yake hakufurahi. Alitazama mstari kutoka dirishani kwetu, akauliza nani aliyesema kivuli kitakwenda kule. Nikasema wewe. Akasema, "Huyo? Huyo ukimuuliza njia utalala kwa watu." Ati uliwahi kumwelekeza mgeni posta, akafika makaburini. Nimekutetea.

28 Machi. Barua niliiacha wazi, na sasa sijui niimalizeje.

Leo nilimuuliza Bibi habari za pazia. Akasema, "Mke mwenzangu, si mjomba wako anarudi? Kampuni ya lile jengo imemwahidi kreni yake. Likianza tu, yupo nyumbani, atalala chumbani mwake mpaka jengo liishe." Kisha akaziba mdomo. "Alinikataza nisikwambie."

Mjomba, ni kweli? Ni jengo hilihili? Na kama ni kweli, kwa nini ulinijibu?

Mpwa wako


Kambini, 6 Aprili

Mpwa wangu,

Ni kweli. Lile jambo bichi ndilo hilo.

Nilikuwa nimeahidiwa kabla barua yako ya kwanza haijafika. Nilipoifungua na kuona kiwanda cha barafu, nilicheka peke yangu mpaka wakadhani nimepata homa. Tangu niondoke nimejenga nyumba za watu wengine katika miji ya watu wengine. Nakuona likizo mara moja kwa mwaka, na kila mara umerefuka kama mtu anayenifanyia mzaha. Nilitaka kushuka kwenye kreni jioni na kuvuka barabara tu, niwe nimefika kwangu. Kutaka kwenyewe sikufichi.

Nilikujibu kwa sababu uliniuliza. Ungeniuliza kama naitaka ile kazi, ningekwambia ndiyo, sana. Lakini uliuliza habari ya kivuli, na kivuli hakijui kama nina kazi au sina. Nawe usiache kusema kwa ajili yangu. Sitaki kulala kwenye chumba ulichoninunulia kwa kunyamaza.

Sasa keti. Kuna jambo baya zaidi.

Unasema kivuli kimepanda ngazi za halmashauri. Nilisoma hapo nikarudia. Halmashauri! Nikafumba macho, nikasimama getini kwa fikra, nikanyoosha mikono yangu yote miwili. Mpwa wangu, nimekupoteza. Mpiga ishara hunitazama uso kwa uso: kushoto kwake ni kulia kwangu. Kwa miaka nimesoma mikono ya mtu anayenielekea, mpaka nikiambiwa nieleze upande, naueleza wa yule aliye mbele yangu, si wangu. Mama yangu hajatia chumvi kuhusu yule mgeni wa posta. Niliposema kushoto nilimaanisha upande ambao wewe, ukiwa getini, utauita kulia.

Kivuli hakiendi halmashauri. Kinakwenda kwenye maghorofa yetu. Kinafunika ua wa kuanikia nguo, na dirisha la Bibi.

Najua barua hii inavyonukia. Mtu anayelitaka jengo anakwambia kwamba mstari unaowatisha madiwani ni makosa. Ukisema nadanganya ili nipate kreni, sina la kujitetea. Kwa hiyo usiniamini. Subiri siku ya jua, simamisha ufagio, utazame mwenyewe.

Mjomba wako


Nyumbani, 14 Aprili

Mjomba,

Sikukuamini. Nakuandikia hivyo kwa sababu umenifundisha kutokuficha kutaka kwangu, na nilitaka sana uwe mwongo. Nilikaa siku mbili bila kusoma kitu, Mama akanishika paji la uso kuona kama ninaumwa.

Kisha jua likatoka. Alasiri nikachukua ufagio nikapanda juu ya paa. Bibi alinifuata akidhani nakwenda kufagia, akasema miujiza haijaisha. Nikausimamisha, naye akaushika wima. Kivuli cha ufagio kiliinamia kulia. Kulia kwangu mimi, niliyesimama nikitazama upande ambao geti linatazama. Nilihakikisha kwa mkono ninaoandikia.

"Sasa hilo ndilo lililokupandisha huku?" Bibi akasema. "Miaka yote naanika nguo pale chini, naijua kila hatua ya kivuli. Umevuka nchi kumuuliza mtu aliye juu ya chuma, mimi nimekaa hapa na vibanio mdomoni!"

Kweli sikumuuliza.

Nilimwambia Filimbi. Akanivuta nyuma ya maktaba. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akinong'ona.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Bibi."

"Bibi yako hatasema. Sasa nisikilize. Wale madiwani hawaogopi giza la watu. Wanaogopa giza lao. Waache waogope, wapige kura, halafu useme."

"Lakini ni uongo."

"Yalikuwa makosa. Makosa si uongo."

"Yalikuwa makosa jana."

Akasema, "Ndiyo maana huna marafiki wengi," lakini alinishika mkono mpaka nyumbani.

Mkutano ni tarehe 22. Barua hii itakufikia baadaye, kwa hiyo sikuombi ushauri. Ninajua tukiwaacha na mstari wao bustani itapita, na wewe hutarudi. Nikisema kweli, huenda jengo likapita, na wewe ukarudi, na kila mtu ataona kwamba nimesema kwa sababu hiyo. Na nisiposema, kila nitakapokaa na kitabu kwenye bustani hiyo nitakuwa nimekaa juu ya chokaa.

Nimeandika hotuba mbili. Zote nzuri. Naogopa kuzitoa zote.

Mpwa wako,
Kimya


Nyumbani, 4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Najua umesubiri. Nilitaka nikuandikie mwisho ukiwa umeshafika.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa, watu wakasimama hadi kwenye ngazi. Mtu wa kampuni alisema kwanza. Si mtu mbaya, Mjomba. Alikuwa na picha za kupendeza, na alisema kuna vijana watapata kazi, jambo ambalo ni kweli. Kisha diwani mmoja mnene akasimama akasema haiwezekani ofisi ya wananchi ikae gizani, yeye ana macho mabovu. Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akasema kwa kuwa jambo liko wazi, na muda umekwenda, pengine tuingie kwenye kura moja kwa moja.

Zamu yangu ilikuwa haijafika, na sasa ilikuwa inarukwa. Filimbi alinitazama. Hakusema kitu. Yeye!

Nikasimama. Nilifungua mdomo, Mjomba, na hakikutoka kitu. Hata pumzi. Mwenyekiti alikuwa anainua rungu lake la mezani. Basi nikanyoosha mikono yote miwili pembeni.

Sikufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe. Kushoto nilimpiga muuguzi kofia ikaangukia kiti changu, kulia nilikuwa juu ya kichwa cha mwalimu wa hesabu. Nikabaki hivyo. Ukumbi ukaanza kugeuka, safu moja baada ya nyingine.

Mwenyekiti akashusha rungu. "Binti, unataka kuruka?"

Watu wakacheka. Sijui kwa nini kicheko kile kilinisaidia, labda kwa sababu kilifunika sauti yangu ya kwanza, ambayo ilikuwa mbaya.

"Kivuli ni makosa," nikasema.

"Sema kwa nguvu!"

"Kivuli ni makosa! Ni mimi niliyekichora. Hakitakuja hapa. Ofisi hii haitaingia gizani hata kidogo."

Ulisikia ukumbi ukinyamaza? Labda kule juu ulisikia. Yule diwani wa macho akaketi polepole, na mtu wa kampuni akatabasamu, akasema anamshukuru mwanafunzi kwa uaminifu wake. Nikamwambia sijamaliza. Mjomba, nilisema hivyo, kwa mtu mwenye tai.

Nikasema kivuli kitakwenda kwenye maghorofa. Nikasema kwetu ni ghorofa ya nne, kwa hiyo dirisha letu limo, na kila mtu ajue hilo anaponisikiliza. Nikasema pia nina mjomba ambaye jengo likijengwa atapata kazi na kurudi nyumbani, na hakuna kitu ninachokitaka kama hicho, basi wapime wenyewe mimi niko upande gani, kwa sababu mimi nimeshindwa. Nikasema hotuba nilizoandika zote mbili nimezisahau. Kisha nikaketi kwenye kofia ya muuguzi.

Nilidhani nimeua kila kitu. Mwenyekiti alikaa akigonga meza kwa kidole. Mwishowe akasema, "Tulikuwa tayari kupiga kura kwa ajili ya kivuli kilichotufikia sisi. Sasa nauliza: kikiwafikia wao, kimekuwa kifupi?" Akaahirisha kura, akaagiza madiwani wote waje kwenye maghorofa siku ya jua, watazame wenyewe.

Wakaja. Ungemwona Bibi! Aliwapanga uani kati ya shuka zilizoanikwa, akampa yule diwani mnene ufagio aushike wima. Jua likashuka, kivuli cha ufagio kikasogea juu ya shuka, na Bibi akawaeleza: hapa ni nguo za mapacha wa chini, hapa sare za wauguzi, hapa magodoro ya watoto wanaokojoa, "sitawataja, wengine wamekuwa wakubwa." Alipomaliza yule diwani akauliza auweke wapi ufagio. Bibi akasema, "Ukiwa umeshaushika, fagia."

Alifagia, Mjomba. Kidogo, lakini alifagia.

Juzi walipiga kura. Haikuwa rahisi, walibishana mpaka chai ikapoa, na bustani ilipita kwa tofauti ndogo. Kiwanda cha barafu sasa ni eneo la wazi, kimepakwa rangi ya kijani kwenye ramani ya mji. Nilikwenda kuiona hiyo rangi. Afisa mipango miji aliniruhusu kuigusa, ilikuwa imekauka. Kampuni wameambiwa waombe kiwanja cha nyuma ya stesheni, ambako kivuli kitaangukia reli, lakini hilo litachukua muda na hakuna ahadi.

Kwa hiyo nimekunyima kreni. Bibi ametundika pazia hata hivyo. Nimehamisha vitabu vyangu, chumba ni kitupu na kisafi. Tafadhali nikasirikie kwa barua, siyo kwa simu.

Mpwa wako,
Kimya


Kambini, 13 Mei

Mpwa wangu, uliyeniita "mwongo" na nikastahili nusu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kimya, ya pili kwa sauti, kwa sababu chumba kizima kilidai. Nilipofika kwenye mikono, mpiga ishara wangu alisimama juu ya kitanda. Hasemi, nilikwambia. Alisimama tu na kunyoosha mikono yake, akabaki hivyo, na machozi yamemjaa machoni.

Nikukasirikie kwa lipi? Nilihuzunika, ndiyo, siku moja. Nilipanda juu na huzuni yangu, nikaisahau huko, upepo ukaichukua. Kreni nyingine zitakuja, labda nyuma ya stesheni, labda kwingine. Ila ningerudi nikalaza jengo juu ya shuka za mama yangu, ungekuwa umenirudisha nyumbani kweli?

Ninachokuomba ni kimoja. Kwenye barua yako ulitaja kila kitu isipokuwa Nyangumi. Lile tangi mtalifanya nini? Watoto hawawezi kucheza juu ya chuma kilichooza, na halitoki kwa mikono. Muulize yule afisa wako wa rangi ya kijani. Muulize kwa mdomo, sasa unao.

Mjomba wako wa juu


Chumbani kwangu, 9 Juni, asubuhi

Mjomba,

Umbali wa barua hii ni ukuta mmoja. Nasikia unavyokohoa. Ningeweza kubisha hodi, lakini tangu ushuke kwenye gari jana nimekwambia "shikamoo" na "karibu" na "ndiyo, ndiyo", kama simu. Bibi anasema mbele ya madiwani nilikuwa simba, mbele ya mjomba nimekuwa paka. Basi naipitisha hii chini ya mlango.

Nataka kusema nimefurahi umekuja, hata kama ni kwa ajili ya Nyangumi, hata kama ukimaliza kumwinua kesho utarudi kule. Nilipomuuliza yule afisa nani atamwinua, akasema wanatafuta mwendesha kreni anayekijua kiwanja. Nikamjibu kwa mdomo. Lakini uliponishukuru jana mbele ya watu, nilitazama viatu.

Na nilitaka kuuliza: kesho naweza kusimama mahali unaponiona?

Kimya


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo)

Mpwa wangu,

Hodi na iwe kwa karatasi, mimi nimezoea.

Mpiga ishara wa halmashauri amekubali kwamba ishara ya kwanza iwe yako. Simama nyuma ya kamba yake, unielekee. Kidole juu, nami nitampandisha Nyangumi. Kisha nyoosha mkono wa kushoto, nami nitampeleka kulia, na mara hii sote wawili tutakuwa tumesema kweli.

Sasa fungua mlango, Bibi ameshamimina chai.

Mjomba wako wa chumba cha pili